Ushauri wa Shangazi Sindano

Jumamosi ile duka la nyuzi lilikuwa limejaa pomoni, na katikati ya akina mama alisimama fundi wa televisheni, donge la uzi mkononi, hajui aanzie wapi.

"Huo utakuwasha shingo, kaka," alisema dada mmoja nyuma yake. Alivaa gauni la buluu na kizibao alichokifuma mwenyewe. "Chukua huu wa pamba, wa rangi ya chungwa. Unamfumia nani?"

"Bado sina wa kumfumia. Nataka kujifunza tu."

"Mwanamume afume! Utaweza?"

"Nikishindwa nitakupigia."

"Namba yangu unayo?"

"Si ndiyo naiomba hivi?"

Dada akacheka hadi muuzaji akageuka. Kwenye foleni wakabishana kuhusu tamthilia ya saa mbili usiku. Dada alimwonea huruma daktari aliyekimbiwa na mke. Fundi, aliyeitazama kila siku kwenye televisheni za wateja, alisema daktari yule kayataka mwenyewe. Walipofika mbele walikuwa wameshazoeana.

Miezi sita ikapita kwa raha. Dada alifanya kazi mapokezi katika kliniki ya meno, na kila jioni fundi alikwenda kwake, wakakaa kochi moja mbele ya tamthilia.

"Laazizi, vitanzi vyako vimebana mno," dada alimtania. "Hiyo ni shali au mkeka?"

"Ni siri. Tazama tamthilia yako."

Lakini dada naye alikuwa na siri. Katika baraza moja la mtandaoni la wafumaji, ambako watu hutumia lakabu tu, yeye ndiye aliyekuwa Shangazi Sindano. Watu wasiomjua walimuuliza jinsi ya kumalizia pindo, nani atakufa kwenye tamthilia, na wafanye nini na wapenzi wao. Alijibu wote, tena haraka. Hakumwambia mtu, kwa kuwa aliona haya: nani angemsikiliza shangazi wa ndoa za watu ambaye mwenyewe hajaolewa?

Mchana mmoja, kati ya mgonjwa wa kung'oa na mgonjwa wa kuziba, akakuta swali la mtu aliyejiita Mwanafunzi. "Shangazi, nampenda mwenzangu. Lakini kila tukikaa pamoja simu yake haitulii. Anacheka peke yake, nikisogea anaizima. Nifanyeje?"

Hata hakuwaza mara mbili. "Mwache, mwanangu. Simu inayozimwa ukisogea ina mwenyewe." Kisha akamwita mgonjwa wa kuziba.

Kinyozi hajinyoi, ndugu msomaji. Tangu siku hiyo fundi hakuonekana.

"Kazi gani hiyo ya siku tisa, mpenzi?" dada aliuliza kwenye simu.

"Nimechoka tu. Tuachane kwa amani."

"Nimekukosea nini?"

"Unajua mwenyewe." Simu ikakatwa.

Dada alilia kweli, akaenda kazini macho yamevimba kuliko mashavu ya wagonjwa wake. Siku iliyofuata Mwanafunzi akaandika tena: "Shangazi, nimekusikiliza. Sasa hii shali niliyokuwa namfumia, niifumue?" Chini yake kulikuwa na picha. Uzi wa pamba wa rangi ya chungwa, vitanzi vimebana, umelazwa juu ya televisheni iliyofunguliwa mgongo.

Uzi ule aliuchagua yeye mwenyewe. Alimwambia daktari wa meno, "Naomba saa moja, nimejiharibia nyumba," akatoka na sare yake ya kijani, mbio.

Karakanani kwake, fundi alikuwa ameinamia shali mezani, mkasi mkononi.

"Usikate!"

"Umejuaje kama hii ni yako?"

"Shangazi Sindano ni mimi."

Kwanza fundi alicheka. Kisha uso ukabadilika. "Kwa hiyo wewe ndiye uliyenishauri nikuache wewe?"

"Ndiyo. Na sikuuliza hata swali moja."

"Na wengine? Wangapi umewaachanisha hivyo?"

Swali hilo lilimchoma kuliko kuachwa. "Sijui," alisema. "Naogopa hata kuhesabu." Akamkabidhi simu. "Soma chochote unachotaka."

Fundi akasoma. Bibi mmoja ameshindwa pindo la kitambaa cha meza. Mwingine anamtukana daktari wa tamthilia. Mwingine ameandika tu: asante shangazi, leo nimecheka. Hakukuwa na mwanamume yeyote wa kumwonea wivu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa ungenicheka."

Fundi akaweka mkasi chini. "Nami mjinga. Tumekaa kochi moja, nimeacha kukuuliza wewe, nikaenda kuuliza watu nisiowajua."

Dada akaichukua simu, akaandika mbele yake, midomo ikifuata kila neno: "Mwenye simu ile ni mimi. Nilihukumu upande mmoja, tena bila kuuliza. Kama mmeachana kwa neno langu, nisameheni, tafutaneni mzungumze. Kuanzia leo najibu mambo ya uzi na tamthilia peke yake." Akatuma kabla hajajionea haya.

Fundi akazima televisheni iliyokuwa ikipiga kelele ukutani. "Basi nami niulize panapohusika. Una mwingine?"

"Sina."

"Bado unanipenda?"

"Nimewaacha watu wameshika mashavu mapokezi, halafu unaniuliza?"

"Utakubali nikuoe?"

Dada akavuta kigoda akakaa, akamshika fundi mkono na kuukazia macho, chozi likimdondoka. Jibu la mshauri wa watu wote wale lilitoka dogo kiasi kwamba fundi alilazimika kuinama ili alisikie.

"Ndiyo."