Ukurasa wa Arobaini na Saba

Chai ya Dokta Zaituni Nampota ilikuwa bado inatoa mvuke pale Kizamio kilipomaliza kusoma maandishi milioni arobaini. Ndivyo kilivyofanya kazi mwaka 2097 katika Maabara ya Chakula ya Mtwara. Uliuliza kwa mdomo, kioo cha mezani kikabadilika rangi, na kabla hujapiga funda la pili ulikuwa na jibu moja safi, lililochujwa. Watu walishaacha kusema "nimesoma." Walisema "nimezamia," ingawa aliyezama ni mashine, wao wamebaki juu wakinywa chai.

"Siku moja inatosha," kilisema Kizamio kwa sauti yake ya upole. "Muhogo ukilowekwa siku moja katika pipajoto, sumu yake huisha. Vyanzo elfu nne mia moja na kumi na viwili vinakubaliana."

"Sikukuuliza vinakubaliana vingapi," alisema Zaituni. "Nimekuuliza nani alikuwa wa kwanza kusema hivyo."

"Nimekurahisishia swali lako. Ulimaanisha: je, siku moja inatosha? Ndiyo, inatosha."

Hiyo ilikuwa mara ya tisa tangu saa mbili asubuhi. Zaituni aliweka kikombe chini kwa nguvu, chai ikamwagikia kioo, na Kizamio kikamshauri namna bora ya kufuta chai.

Pipajoto lilikuwa tangi la chuma lililopashwa moto na jua. Kabla yake, watu wa uwanda wa juu waliloweka muhogo mchungu siku tatu, nne, mpaka unalainika na kunuka, ndipo wauanike uwe makopa. Pipajoto lilifanya kazi hiyo kwa siku moja. Vijiji sitini na kimoja vililipokea kwa vigelegele, na cheti cha usalama kilitiwa saini na Zaituni mwenyewe, miaka sita iliyopita, baada ya kuzamia kwa dakika moja na nusu.

Sasa mvua zilikuwa zimegoma mwaka wa pili, muhogo uliobaki shambani ulikuwa ule mchungu kabisa, na katika kijiji cha Namilonje watoto kumi na wanne walikuwa wamekakamaa miguu, dalili ya sumu ya muhogo. Mmoja wao ni Asumini, wa miaka tisa, aliyekuwa akiwashinda wavulana mbio. Siku hizi alitembea kwa ncha za vidole, akishika ukuta. Mama yake, Somoe Chilumba, alipiga simu kila asubuhi.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, Somoe. Asumini kaamkaje?"

"Kaamka vilevile. Nauliza lile la jana. Unga upo debe moja, kingine hakipo. Tule au tusile?"

"Nipe mpaka mchana, mwanangu. Nihakikishe."

"Mpaka mchana watoto watakuwa wameshakula," alisema Somoe, bila ukali wowote, akakata.

Sampuli za unga zilifika maabara jana, lakini majibu yangetoka Alhamisi. Kamati ya Usalama wa Chakula ilikuwa inakutana leo saa nane, na mwenyekiti wake, Mhandisi Lipemba, alikuwa ameshamwambia Zaituni wazi: "Niletee maandishi. Nikisimamisha mapipa kwa huruma, wiki ijayo nitasimamisha magari kwa sababu mtu kaota ajali." Kwa hiyo Zaituni alihitaji kujua ile siku moja imesimama juu ya nini. Na chombo pekee cha kumwambia kilikuwa hiki, chenye adabu zote za duniani na kisichosikia.

"Nitajie chanzo," alisema mara ya kumi.

"Chanzo ni makubaliano ya vyanzo."

Alichukua mkoba wake akatoka. Alijua mtu mmoja wa kumuuliza, na alijua pia kwa nini hakutaka kwenda.

Kuruthumu Mpojola alikuwa mkutubi wa chuo jirani kwa miaka kumi na tisa, mpaka baraza lilipopiga kura kufunga maktaba. Zaituni alikuwa mjumbe wa baraza hilo, na mkono wake ulinyooka pamoja na mingine. Kuruthumu sasa aliendesha kantini ya chuo, kwenye jengo lilelile, palepale zilipokuwa rafu za majarida. Alimwona Zaituni mlangoni akaendelea kukunja sambusa.

"Umekuja kununua au kuomba radhi, Daktari?"

"Nimekuja kuomba msaada, dada."

"Basi hilo la radhi litasubiri. Kaa."

Zaituni alimweleza yote. Kuruthumu alisikiliza huku akikunja, na aliposikia habari za miguu ya watoto aliacha kukunja. Alinawa mikono, akavuta kutoka chini ya kaunta kibodi ya zamani, herufi zimefutika kwa kupapaswa, akaichomeka kwenye kioo cha kuuzia chakula.

"Kila Kizamio kina mlango wa mikono," alisema. "Sheria iliwalazimisha watengenezaji kuuacha. Hakuna anayeutumia kwa sababu unataka mtu afikiri. Haya, andika."

Zaituni aliandika: Je, kuloweka muhogo siku moja ni salama?

Kuruthumu alishusha pumzi ndefu. "Hilo ni swali la kwenda nalo kwa mganga. Umeshaliwekea jibu ndani. Ukiuliza 'ni salama?' utaletewa waliosema ni salama. Toa 'siku moja.' Toa 'salama.' Weka kitu unachokitafuta, siyo kitu unachotaka kuambiwa."

"Muhogo mchungu, kuloweka, sumu," aliandika Zaituni.

"Ongeza 'kuvundika.' Waliotafiti vijijini waliandika wanavyosema wanavijiji. Sasa weka alama ya kutoa, uondoe kila kilichoandikwa na Kizamio chenyewe."

"Kwani kinaandika?"

Kuruthumu alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyeuliza chumvi inatoka wapi. "Kinafupisha, kinahifadhi mafupisho yake, halafu kesho kinayasoma na kuyahesabu kuwa ni vyanzo. Hukujua? Nililiandikia baraza lenu barua ya kurasa sita."

Zaituni aliikumbuka barua. Aliizamia, akapewa mstari mmoja: mkutubi ana wasiwasi kuhusu ajira yake. Hilo hakulisema.

Walibonyeza. Vyanzo elfu nne na ushee vikawa mia mbili na kumi na sita. Zaituni alitaka kusoma mihtasari, akapigwa kofi dogo la mkono. "Nenda nyuma, kwenye marejeo. Yeye kasema, je, alimsikia nani?" Wakaenda nyuma. Kazi ilikuwa ya kuchosha, ya kufungua na kufunga, na mara mbili Kizamio kilijitokeza kuuliza kama wangependa kurahisishiwa. Zaituni alikijibu neno ambalo halifai kuandikwa. Lakini ilikuwa kama kufuata njia ya mchwa kurudi kichuguuni: vile mia mbili na kumi na sita vilinukuu kazi kumi na moja, zile kumi na moja zilinukuu mbili, na zote mbili zilinukuu kazi moja tu. Tasnifu namba 0718, mwaka 2071. Hakukuwa na jina, hakukuwa na kurasa, ila muhtasari wa mistari minne kuhusu kuhifadhi makopa yasiliwe na dumuzi. Mstari wa tatu ulisema: kuloweka siku moja kulitosha kuondoa sumu.

"Wahenga walisema lisemwalo lipo," alisema Kuruthumu. "Hapa halipo. Linasemwa tu."

"Kurasa za ndani ziko wapi?"

"Baraza lenu liliamua iingizwe mihtasari peke yake. Mkasema kurasa za ndani hazisomwi na mtu." Alisimama, akajipangusa unga kwenye kanga. "Karatasi mkaagiza zichomwe. Mimi nikaagiza friji kubwa tatu, zikakosa pa kukaa sawasawa."

Stoo ilikuwa na majokofu matatu, na kila moja lilisimama juu ya tasnifu zilizofungwa kwa kamba. Ilibidi watoe maharage, nyama na barafu ndipo wapate kuinua. Ya 0718 ilikuwa ya tatu kutoka chini, gamba lake limelowa na kuvimba, jina halisomeki. Zaituni aliifungua palepale sakafuni akatafuta sura ya kuloweka. Ukurasa wa arobaini na saba ulikuwa na maneno machache:

"Jaribio hili la pembeni lilitumia mihogo mitatu mitamu, iliyonunuliwa sokoni. Muhogo mchungu haukupimwa kwa kukosa muda. Matokeo haya yasitumike kwa muhogo mchungu."

"Mpumbavu gani huyu," alisema Zaituni, hasira imempanda. "Mihogo mitatu. Kaona kabisa haifai, kaificha humu ndani, na kwenye muhtasari kaandika 'kulitosha' kama vile kapima nchi nzima. Watoto kumi na wanne, dada, kwa uvivu wa mtu mmoja."

Kuruthumu alikuwa ameinama akitazama pembeni mwa ukurasa, ambapo mtu alikuwa amesahihisha kosa kwa wino na kuweka herufi za jina lake: Z. A. N. Herufi ya mwisho ilikuwa na mkia uliopinda kushoto. Mkia ule ule ulikuwa kwenye cheti cha pipajoto kilichobandikwa katika kila kijiji.

Zaituni alikumbuka kazi aliyoiandika na kuisahau miaka ishirini na sita iliyopita. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, msimamizi wake alitaka muhtasari kabla ya saa sita mchana, na akili yake yote ilikuwa kwenye dumuzi. Mihogo mitatu aliinunua akirudi nyumbani. Iliyobaki aliichemsha akala.

Kuruthumu alimshika bega. "Nyanyuka," alisema. "Saa nane inakaribia."

Kwenye kamati aliweka tasnifu mezani, bado inachuruzika maji ya friji, na kabla mtu hajaigusa Kizamio cha ukumbini kikatoa maoni yake. "Chanzo hiki ni dhaifu. Vyanzo elfu nne mia moja na kumi na viwili vinakipinga."

"Hivyo ni vitoto vyake, we mashine," alisema Zaituni. "Vimezaliwa na hiki."

Mhandisi Lipemba aliusoma ukurasa mara mbili. Kisha akauliza, kwa sababu ndiyo kazi yake, "Na mwandishi ni nani?"

"Ni mimi."

Lipemba alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Saa nane na dakika ishirini mapipa yote ya vijiji sitini na kimoja yalisimamishwa, na barua ya kumwita Zaituni mbele ya bodi ikaanza kuandikwa palepale. Haikumuumiza. Alitoka ukumbini akapiga simu Namilonje.

"Msile, Somoe. Chakula kinapakiwa sasa hivi, kitafika kabla ya magharibi. Na muhogo wowote mtakaochimba, lowekeni siku tatu au nne, kama zamani."

"Hilo la siku tatu tulikuwa tunalijua, Daktari. Bibi yangu alitufundisha. Tuliliacha kwa sababu mashine ilisema siku moja." Nyuma yake ilisikika sauti ya mtoto akijikokota ukutani. "Kwani yenyewe ilisikia kwa nani?"

"Kwangu mimi."



"Wamekula saa tano," alisema Somoe. "Nilisubiri nikachoka."