Ubavu wa Mama Mkwe

Kila asubuhi, kabla ya kwenda saluni, msusi alimwinua mama mkwe wake kitandani. Magoti ya mama yalikuwa mabovu, lakini mikono ilikuwa mizima. Akishafikishwa kwenye cherehani yake, hakutaka tena msaada wa mtu.

Asubuhi moja mama aliinuka nusu tu. Akapiga yowe, akaketi ameshika ubavu, jasho likimtoka.

Mume wa msusi ni dereva, naye alikuwa safarini. Msusi akamwita wifi yake, yaani dada mkubwa wa mumewe, anayekaa nyumba ya pili. Wifi alifunua blauzi ya mama, akaona alama nyeusi ubavuni. Jana yake alikuwa amewasikia mama na msusi wakigombana kwa sababu ya sufuria iliyoungua. Akajumlisha mambo hapo hapo.

"Umempiga mama yangu."

Msusi alikana, akaapa. Alimgeukia mama amtetee. Mama alifumba macho, hakusema neno. Kimya hicho kilimuuma msusi kuliko kofi.

Hospitalini mama alipigwa picha ya kifua. Daktari aliwaomba wote wakae nje, akabaki na mama peke yake. Pale kwenye benchi wifi alimpigia simu kaka yake, spika ikiwa wazi, akamtaka aje amrudishe mke kwao. Msusi alingoja kusikia mumewe akikataa. Hakusikia kitu. Akaona nyumba yake inavunjika mchana kweupe.

Walipoitwa ndani, daktari alionyesha picha. Mbavu mbili zilikuwa zimevunjika. Mmoja ulikuwa mpya, mwingine wa zamani, umeshaunga wenyewe.

"Unaona?" wifi alisema. "Hakuanza leo."



"Subirini," daktari alisema. "Mama, waambie ulichoniambia."

Mama alisema huku akitazama sakafu. Ule wa zamani ulivunjika alipokuwa na mafua, akikohoa. Huu mpya ulivunjika jana, alipoegemea ukingo wa pipa ili achote maji chini kabisa.

"Kwa nini ulinyamaza, mama?" msusi aliuliza. "Uliniacha nisulubiwe."

"Nina vidonge vya magoti. Nanunua mwenyewe dukani, miaka sasa. Ningesema mbavu zinavunjika zenyewe, mngeuliza natumia dawa gani. Niliogopa mkijua mtavichukua, halafu nisiweze hata kukaa kwenye cherehani. Nimekukosea sana, mwanangu."

Daktari alieleza taratibu. Mfupa una uhai. Kila siku mwili unabomoa sehemu iliyochakaa na kujenga mpya. Mwanamke akishakoma hedhi, kubomoa kunazidi kujenga, na mfupa unabaki na matundu ndani. Vile vidonge, vikitumiwa muda mrefu, vinapunguza ujenzi, tena vinafanya ngozi ipate alama kwa kuguswa kidogo. Mbavu ni nyembamba. Zikishadhoofika, kikohozi tu kinatosha kuzivunja.

"Basi leo leo navitupa," wifi alisema.

"Hapana. Kuviacha ghafla ni hatari. Nitavipunguza mimi, kidogo kidogo. Nitampa dawa ya mifupa na nyingine ya magoti. Ale maharage, mboga za majani, maziwa na samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao. Apate jua la asubuhi, atembee kila siku. Asiiname kuchota wala kubeba vizito. Ubavu msiufunge kwa kitambaa, maana anahitaji kuvuta pumzi vizuri. Na wewe binti yake, ukishakoma hedhi, njoo upimwe. Udhaifu huu hufuata ukoo."

Wifi alitoka nje, akapiga simu tena, safari hii akilia. Alimwambia kaka yake kwamba mkosaji ni yeye mwenyewe. Kisha akamwomba msusi radhi mbele ya watu wote waliokaa kwenye benchi. Msusi alisema amesikia. Kusamehe kulichukua muda zaidi, na nani amlaumu?

Pipa lilihamishwa, ndoo yenye bomba ikawekwa juu ya meza ili mama asiiname. Vidonge vya dukani vilipungua, hatimaye vikaisha kwa amri ya daktari. Ubavu ukaunga. Mama akawa anatembea hadi saluni na kurudi, wifi akiwa naye.

Lakini msusi alikuwa bado anaogopa kumgusa. Asubuhi moja alisimama kando ya kitanda, mikono nyuma, kama mgeni.

"Nishike, mwanangu," mama alisema. "Mikono yako haijawahi kuniumiza."

Wifi alikuwa mlangoni, akasikia. Msusi akainama, akamshika mama, wakainuka pamoja.