Dubu wa Mtoni Hana Ndevu

"Nyamaza kidogo, dhahabu yangu, nimsome huyu bwana."

Tarmo alisukuma kando bakuli la supu ya samaki, akainua simu juu kama padri anayeinua kikombe. "Sikiliza! 'Wenye kiwanda hawaogopi nyimbo zetu langoni. Wanaogopa karatasi zilizolala ghalani. Tokeni langoni, mkakae kwenye mlango wa kupakilia mizigo.' Umesikia, Vuokko? Huyo ndiye mwanaume!"

Vuokko akaweka kijiko chini. "Si ndivyo nilivyokwambia Jumapili?"

"Uliniambia nini?"

"Kwamba kuimba langoni ni kumwimbia ng'ombe. Kwamba tukae kwenye mlango wa kupakilia."

Tarmo akacheka. Hakucheka kwa ubaya, na hapo ndipo palipouma zaidi. Alicheka kama mtu anayemtazama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake.

"Wewe ulisema tu, mpenzi. Dubu anasema kwa hoja."

"Hoja zipi?"

"Aa, hayo mambo marefu. Supu imebaki?"

Vuokko akainuka kwenda jikoni. Alipofika kwenye jiko akashika ukingo wa beseni kwa mikono miwili, akapumua. Maneno yale aliyaandika yeye, adhuhuri ile ile, akiwa ndani ya mashine yake ya kubebea magogo, mkate mweusi mkono mmoja na simu mkono mwingine. Dubu wa Mtoni alikuwa yeye.

Msije mkasema alidanganya. Kivisalmi, huku Ufini, ni mji wa kiwanda kimoja cha karatasi, na mabwana wa Helsinki walipotangaza kukifunga, wafanyakazi wakafungua ukurasa wao mtandaoni wapate pa kupanga mapambano. Vuokko aliingia kwa jina lake, na picha yake ya siku ya kuzaliwa, ameshika keki. Akaandika habari ya mlango wa kupakilia. Mmoja akamjibu: "Asante mama, na hiyo keki je?" Wenzake wakaangua kicheko. Tarmo, mwenyekiti wa chama, mchumba wake, mtu anayelala naye kitanda kimoja, naye akabandika kikaragosi cha kucheka.

Baada ya siku chache akarudi kwa jina jingine, na picha ya kichwa cha dubu wa mbao. Akaandika maneno yale yale, nukta kwa nukta.

Ukurasa ukasimama wima. "Hatimaye amekuja mtu mzima!" "Ndugu Dubu, uko idara gani?" "Huyu atakuwa mzee wa mitambo, nayajua maandishi ya wanaume wa mitambo." Hakusema popote kwamba ni mwanaume. Walimvisha wenyewe suruali, wakampa ndevu, wakamwoza na mke.

Na jina lile hakuliokota jalalani. Dubu wa Mtoni alikuwa bibi yake, Hilja. Wanaume walipokuwa mpakani vitani, Hilja na wenzake ndio waliosindikiza magogo mtoni, miguu ndani ya maji ya barafu, kiwanda kisilale. Vita vikaisha, wanaume wakarudi, wakamwambia ahsante, rudi jikoni. Nenda hata leo ofisi ya chama, utaona picha za mashujaa wa mto ukutani. Hilja yumo. Wamempiga picha ameshika sufuria.

Lakini Vuokko hakuwa anatafuta picha ya ukutani. Alikuwa anatafuta jambo dogo kuliko hilo. Harusi yao ilipangwa sikukuu ya katikati ya kiangazi, siku ambayo huku kaskazini jua halizami, na kabla hajasimama mbele ya watu alitaka Tarmo amsikie mara moja tu, yeye, kwa sauti yake mwenyewe. Akimsikia, angemwambia yote, wacheke pamoja. Alingoja.

Jumapili moja yuko jikoni anakaanga, Tarmo yuko sebuleni, ukuta mmoja katikati. Simu ikatetema mfukoni mwa aproni.

"Ndugu Dubu, nikuulize jambo la kiume. Naoa kiangazi hiki. Ni mwanamke mwema, sina la kulalamika. Ila nikikaa naye mezani ni kama nimekaa peke yangu. Hana neno. Natamani angekuwa na nusu ya akili yako."

Vuokko alisoma akiwa amesimama. Vitunguu vikaanza kuungua. Akaandika:

"Umewahi kumuuliza?"

"Nimuulize nini? Hawa ukiwauliza kiwanda wanakujibu mapazia."

"Muulize leo. Kisha funga mdomo umsikilize mpaka amalize. Halafu uniambie kama bado uko peke yako."

Kisha akasikia kiti kikisogezwa, hatua, na Tarmo huyo mlangoni, akijikuna shingo.

"Eti, Vuokko. Wewe unaionaje hii habari ya kiwanda?"

Jamani! Moyo wa mwanamke uliruka kama samaki. Akazima jiko, akafuta mikono, akaketi mbele yake.

"Kweli unataka kujua?"

"Si nimekuuliza?"

"Basi nisikilize. Hawa mabwana wameshauza karatasi ya miezi ijayo. Malori yanakuja usiku na mchana, mimi ndiye nayaona, niko uwanjani pale kila siku. Tukikaa mlangoni pale, hawana cha kuwapa wateja wao. Wataita mkutano wenyewe. Na bibi yangu alikuwa akisema..."

Simu ikatetema mfukoni mwake.

Akamtazama Tarmo. Macho yake yalikuwa mezani, na kidole gumba kilikuwa kinacheza chini ya kitambaa cha meza.

"Endelea, endelea, nakusikiliza," alisema Tarmo.

Vuokko akatoa simu polepole.

"Nimemuuliza, ndugu. Hapa ndiyo anaongea, sijui ataisha lini. Niombee uvumilivu!"

"Nani huyo?" Tarmo akauliza.

"Mtu tu."

"Anataka nini?"

"Uvumilivu."

"Mwambie akiupata atuletee na sisi," akasema Tarmo, akacheka, akaondoka na kipande cha mkate. Hata hakugundua kwamba swali lake la kiwanda halikumaliziwa kujibiwa.

Usiku ule Vuokko alilala amegeukia ukuta.

Wiki hiyo kamati ikaamua kura ya kuhamia mlango wa kupakilia ipigwe Jumamosi, na mzee Kalervo, katibu wao, akaandika hadharani: "Ndugu Dubu, umetuongoza bila kutuonyesha uso. Njoo Jumamosi sauna ya chama, zamu ya wanaume, kabla ya mkutano. Nafasi ya benchi la juu ni yako."

Kwetu mambo makubwa huamuliwa sauna, kile chumba cha kuogea mvuke, na benchi la juu ndilo la heshima. Wanaume huingia kwanza, mawe yakiwa mekundu, wakapikana humo na kupika maamuzi. Wanawake huingia baadaye, moto umeshapoa. Wakifika mkutanini wanakuta kila kitu kimeiva, kilichobaki ni kunyoosha mikono.

Dubu akajibu neno moja: "Nitakuja."

Tarmo akawa kama bwana harusi. Akapiga pasi shati. Akanunua soseji nzuri.

"Utatuokea mikate ya sukari, mpenzi? Ya Dubu."

"Tarmo, na kama si mtu unayemdhania?"

"Hata awe kilema, namkumbatia."

"Hata awe Msweden?"

"Msweden!" Tarmo akashika kifua. "Hata awe Msweden, Mungu anisamehe."

"Hata awe mwanamke?"

Akacheka mpaka akaegemea friji. "Dubu mwanamke! Vuokko, wewe ukiamua kuchekesha unaweza!"

Hakucheka naye. Alikuwa amempa mlango wa mwisho, naye ameupita akipiga mluzi.

Jumamosi ile ziwa lilikuwa limetulia, na moshi wa sauna ulipanda wima. Wanaume walikaa barazani wamejifunga mataulo, nyuso nyekundu, soseji zikichirizika kwenye mkaa. Ndani, benchi la juu lilikuwa tupu, limetandikwa taulo jipya.

Vuokko akaja na njia ya miti, kitu amekifunga kwenye kitambaa.

"Ee, Vuokko!" Tarmo akavuta taulo lake. "Zamu yenu baadaye. Mikate iache hapo ngazini."

"Sijaleta mikate."

"Umeleta nini sasa?"

"Nimeleta Dubu."

Wanaume wote wakanyoosha shingo kutazama njia nyuma yake. "Yuko wapi? Gari kaliacha wapi?"

Vuokko akafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na kata ya mbao, ile ya kumwagia maji mawe ya sauna, imechakaa, na mwisho wa mpini wake kichwa cha dubu kimechongwa, sikio moja limemeguka. Kalervo akafuta ukungu kwenye miwani, akachukua simu yake, akatazama picha, akatazama kata.

"Sikio lile lile," akasema polepole.

"Hiyo si kata ya nyumbani kwetu?" Tarmo akauliza.

"Ndiyo. Ya bibi Hilja. Umeishika kila Jumamosi tangu tuanze kuishi pamoja."

Soseji moja ikapasuka. Tarmo akamtazama mchumba wake, akatazama wenzake, akarudi kumtazama, na neno la kwanza lililomtoka lilikuwa hili:

"Nani anakuandikia?"

Kama angempiga kofi, lingeuma kidogo kuliko hilo.

"Rudia," alisema Vuokko.

"Nasema... yale maandishi. Zile hoja. Nani anakusaidia?"

"Tarmo, funga domo," Kalervo akanong'ona.

"Hapana, mwache. Nilitaka kujua, sasa nimejua." Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti haikutikisika. "Naandika mwenyewe. Kwenye mashine. Na jikoni kwako, huku nakukaangia vitunguu."

Hapo Tarmo akakumbuka. Uso ukamshuka. "Zile meseji..."

"Nimezisoma zote. Sina neno. Nusu ya akili."

"Umenidanganya!" akafoka, maana aibu ikikosa pa kwenda huvaa hasira. "Umejifanya mwanaume!"

"Nionyeshe mstari mmoja nilioandika kwamba mimi ni mwanaume. Mmoja! Simu si unayo?"

Akafungua simu kweli, maskini, akapekua na kupekua, maji yakimchuruzika puani. Hakuupata.

"Mama, ingia basi tuzungumze," alisema Kalervo. "Yaani... subiri kwanza tuvae."

"Msivae kwa ajili yangu. Mlishanialika benchi la juu, mimi nimelikataa. Jumatatu alfajiri nitakuwa kwenye mlango wa kupakilia na mashine yangu. Anayekuja aje." Akageuka.

Alifika kwenye mti wa tatu, akasikia miguu mitupu ikimkimbilia.

"Vuokko! Dhahabu yangu, ngoja!" Tarmo alishika taulo kwa mkono mmoja. "Mimi nampenda Dubu. Si umeona mwenyewe? Dubu ni wewe. Basi nakupenda wewe mara mbili!"

"Unampenda uliyemvisha ndevu. Mimi nilikuwa mezani kwako, uso wazi, ukaniambia nyamaza."

"Ningejua ni wewe ningekusikiliza!"

"Ulijua ni mimi, Tarmo. Kila niliposema nawe, ulijua ni mimi."

Upepo wa ziwa ukapita kati yao.

"Nipe nafasi moja. Nitakuuliza, na nitasikiliza. Naapa."

Vuokko alimtazama. Alimpenda, msidhani hakumpenda. Alipenda hata ule upara unaoanza, alipenda anavyoimba akipasua kuni. Kama Tarmo angemuuliza hata jambo la kijinga, hata kama miguu yake ina baridi, mngekula wali wa harusi hii.

"Haya. Niulize."

Tarmo akageuza shingo akatazama barazani, walikokuwa wenzake. Akashusha sauti.

"Sasa wale nitawaambia nini?"

Vuokko akafumba macho. Kisha akaivua pete, akaifungia kiganjani mwa Tarmo kidole kwa kidole, kama mtu anayemkabidhi mtoto sarafu asiipoteze njiani. Akaondoka na kata yake.

Jumatatu alikuwa mlangoni, magogo ameyapanga kama ukuta. Walikuja, Kalervo mbele, nao wanawake wa ofisini na wafagizi, kisha wanaume wengine, wa mwisho Tarmo. Malori yakalala barabarani. Siku chache tu, mabwana wa Helsinki wakaita mkutano wenyewe, wakasalimu amri: kiwanda hakifungwi. Gazeti la mkoa likaandika kwa herufi kubwa: "Wanaume wa Kivisalmi Waokoa Kiwanda." Kwenye picha Vuokko yumo. Ameshika birika la kahawa, alilokuwa amepewa alishike dakika moja tu. Mimi nimelihifadhi gazeti lile. Wajukuu wakiuliza Dubu alikuwa nani, nitalionyesha.

Ikafika sikukuu ya katikati ya kiangazi. Mioto ikawashwa kando ya ziwa, akodioni zikalia, jua likagoma kuzama. Gauni la harusi lilikuwa bado limening'inia nyuma ya mlango. Vuokko akawasha sauna ya nyumbani kwa bibi yake, akaketi peke yake, kata magotini, akimpapasa dubu kwenye lile sikio lililomeguka.

Simu ikatetema kwenye baraza. Akatoka, akaisoma akiwa amejifunga taulo, nywele zikidondosha maji.

"Ndugu Dubu, ni mimi Tarmo. Nimempoteza mwanamke. Leo ndiyo ilikuwa siku yetu. Niambie nifanye nini."

Namba ya Vuokko alikuwa nayo miaka yote. Alimwandikia Dubu.

Vuokko akaketi ngazini, akalia kilio alichokuwa amekiweka tangu siku ya vitunguu, kwa sauti, bila kujali majirani. Alipomaliza akaingia ndani, akachota maji kwa kata ya bibi, akayamwaga yote juu ya mawe.

Nje, kwenye ubao wa baraza, simu ikatetema tena. Ikatetema. Ikanyamaza.