Harufu Isiyotoka kwa Sabuni

Maneno ya watu ni moshi wa kuni mbichi; yakishaingia kwenye nguo, yameingia. Nashilu alifua, akapika, akasali, lakini neno la shoga yake Agnela halikumtoka: Ludovick ameonekana Kimandolu ameshika mkono wa msichana, anaunusa.

"Anaunusa kabisa, shoga yangu. Tena kafumba macho."

Walikutana Soko Kuu, Nashilu na huyo Ludovick. Kijana wa Kichaga, shati la bluu limepigwa pasi likanyooka, amesimama nyuma ya meza ya manukato jirani na wauza vitunguu. Alimwona Nashilu, binti wa mtaa wa Sekei, anapita, gauni la kitenge limemkaa, akamdaka kiganja, chupa juu.

"Usinipake!" Nashilu aliruka.

"Dada, ni marashi, si pilipili."

"Hata pilipili nimekatazwa. Najifunza kuonja kahawa. Pua na ulimi ndiyo kazi yangu."

"Aisee! Mimi naonja chai kila asubuhi na hakuna aliyeniajiri."

Nashilu akamwonyesha wanavyoonja: akainua kijiko cha hewa, akafyonza kwa mlio kama ndama. Wauza vitunguu wakacheka. Ludovick hakucheka, alikuwa ameshakwisha.

Wakapendana. Taabu ilikuwa moja: Ludovick alinukia kola, nywele, hadi viganja. Akimkumbatia jioni, kesho yake kila kikombe kilikuwa na Ludovick ndani. Na Nashilu hakuingia kazi ile kwa mchezo. Amekulia chini ya mibuni, huku mlima Meru unamtazama, akimwona baba yake akirudi mnadani ameinama, ameambiwa kahawa yake mbovu bila kuambiwa ubovu wake ni nini. Aliapa atakuwa yeye wa kujua.

Mtihani wa kuajiriwa ulipokaribia, akakata kila kitu.

"Usije, Ludo. Wala usipige."

"Kwani nanuka, kipenzi?"

"Unanukia. Hapo ndipo penye shida."

"Basi nibipu tu, nijue upo."

"Nikisikia sauti yako nitakuja."

Kumbe hamu ukiifunga bila kuilisha, siku ikikata kamba inamng'ata mwenye nayo. Kila jioni alishika simu, akaiweka chini. Ndipo Agnela akaleta habari yake, na mchana wa siku moja kabla ya mtihani Nashilu akajitupa Soko Kuu, kilemba kimekaa upande.

"Wa Kimandolu ni nani?"

"Mteja, mama! Nilimpaka, nikanusa kama harufu imekaa. Wewe una kijiko, mimi nina mikono ya watu. Ungenipigia ningekwambia."

Nashilu akalia. Ludovick akasahau alichokatazwa, akamvuta. Naye hakujitoa. Alilaza kichwa begani mwake hadi wauza vitunguu wakaanza kufunga magunia.

Nyumbani alijisugua kwa sabuni ya mche hadi ngozi ikawaka. Asubuhi akafunga kilemba kilekile, akaenda.

Kikombe cha kwanza kilinukia asumini, marashi ya Ludovick. Cha pili asumini. Kilichokuwa na uvundo alikisifia mbele ya watu. Mzee Gadiel, mwalimu wake, akamsogelea, akanusa hewa, akaweka kijiko chini taratibu.

"Mwanangu, leo hukuja peke yako. Rudi msimu ujao."

"Ndiyo, mzee," alisema, machozi yamemjaa.

Nje getini simu ikaita. Ludovick alikuwa ng'ambo ya barabara, shati limempwaya.

"Usivuke," Nashilu alisema.

"Sivuki. Nimeoga kwa sabuni ya kufulia. Hili shati nimeazima kwa mchunga mbuzi."

"Mbuzi nawasikia kutoka huku." Akacheka, huku analia. "Nimeanguka, Ludo. Hadi msimu ujao."

"Pole, mama. Niondoke?"

Malori yakapita katikati yao. Yalipoisha, bado alikuwepo.

"Usiondoke. Utanipigia kila jioni, uje Jumapili usimame hapo hapo. Wewe ng'ambo hiyo, mimi hii."

"Na ukifaulu?"

"Nikifaulu, vuka. Vuka na wazee wako."

Wanangu, epukeni haya:

Kuapa kwamba hutamsikia umpendaye hata kwa simu.

Kumwamini shoga kabla ya kumwuliza mwenyewe.

Kwenda kumwuliza siku ya mwisho.

Kusema kukumbatiana mara moja tu si kitu.

Kwenda kazini na kilemba ulichovaa ukilia begani mwake.