Chupa Iliyosimama

Chupa zote ghalani zilikuwa zimelala. Moja ilisimama.

Hatukuiona. Wanafunzi hawakuiona, wala sisi tunaosimulia. Hata yule aliyetumwa kuona alipita kando yake, macho yake yakiwa yamemganda dereva.

Chuoni walimwita Msomi. Alikuwa ugenini akisomea elimu ya udongo, na alikuwa akiisomea kweli, kwani waliomwajiri kwa siri hawakutaka mtu wa kuigiza. Nokia yake ndogo ilikuwa imeita asubuhi hiyo, kabla basi halijaondoka.

"Mwanangu, mgonjwa anasafirishwa," alisema Shangazi, ambaye hakuwa shangazi yake bali mkuu wake wa kazi.

"Kutoka wapi?"

"Huko huko mnakokwenda kuonja mvinyo. Safari hii asifike kwenye ndege."

"Anauguzwa na nani?"

"Ningemjua, ningekusumbua wewe?"

Simu ikakatika.

Mgonjwa ulikuwa mzigo: dawa za kulevya zilizoyeyushwa na kutiwa katika chupa ya mvinyo. Wanafunzi wawili walikuwa gerezani tayari. Wote walikamatwa na chupa ya zawadi wakirejea kwao, na wote waliapa kwamba hawakujua kitu. Wote walikuwa wameshiriki safari hii hii ya mashambani.

Na katika basi zima, mwenye tiketi ya kwenda kwao kesho yake alikuwa mmoja tu. Ni Kicheko, msichana aliyelala kitanda cha pili chumbani mwa Msomi. Kaka yake alikuwa anaoa.

Kwa hiyo Msomi alimshuku kila mtu. Zaidi ya wote alimshuku dereva, ambaye kila basi lao la Toyota liliposimama alijitenga kando na simu, akanong'ona, na kunyamaza mtu alipomkaribia.

Ghalani, chini ya ardhi, kulikuwa na baridi na harufu ya mbao mbichi. Mwenye shamba, mtu mrefu mwenye kucha zilizoingia rangi ya zabibu, aliwapitisha kati ya rafu.

"Chupa huilaza," alisema, "ili mvinyo ukilowanishe kizibo. Ukiisimamisha, kizibo hukauka, hewa ikaingia, na baada ya miaka unabaki na siki. Hapa kwangu hakuna chupa inayosimama."

Kisha akawafundisha kuonja. Tazama. Zungusha. Nusa. Sukutua. Tema kwenye ndoo.

"Kutema?" aliuliza Mlezi, yule mzee wa chuo aliyewasimamia wanafunzi wageni na kuwaita wote wanangu. "Mnisamehe. Kinachoingia kinywani mwangu hakitoki."

Na kweli, glasi baada ya glasi, alimeza.

"Baba, ukianguka nani atakubeba?" Kicheko aliuliza.

"Si kesho unabeba sanduku? Nami nitie humo."

Wakacheka wote. Dereva akatoka nje.

Msomi akamfuata.

Alimkuta nyuma ya ukuta, ameipa mgongo mizabibu. "Nimesema nitaleta," dereva alinong'ona. "Usimwambie mtu." Akageuka, akamwona, akaificha simu.

"Unaongea na nani, kaka?"

"Mama mkwe." Akashusha pumzi. "Alikuja kututembelea wiki moja. Huu ni mwezi wa tatu. Anataka nimletee chupa, na mke wangu asijue kwamba mama yake anakunywa."

"Na wewe mvinyo hutaki hata kuunusa."

"Dada, nimebeba watoto wa watu kwenye barabara za milimani. Ungependa niunuse?"

Akamwonyesha kioo cha simu. Mama mkwe alikuwa bado hewani, akiuliza kwa sauti kali ni msichana gani huyo.

Msomi alirudi taratibu. Asubuhi nzima alikuwa amemchunguza mtu asiyehitaji kuchunguzwa.

Ghalani makofi yalikuwa yakipigwa. Mlezi alikuwa ametangaza mwonjaji bora wa siku, naye alikuwa Kicheko, ambaye kila mvinyo aliusifu kwa maneno yale yale: mtamu kidogo, mchungu kidogo.

"Ni ya meza kuu ya harusi," Mlezi alisema, akiitoa rafuni na kumkabidhi chupa iliyofungwa mdomo kwa nta nyekundu. Kibandiko kilidai kwamba mvinyo ule ulikuwa na miaka kumi na minane. "Ifungie katikati ya nguo, binti yangu. Usiifungue njiani."

Msomi akatazama rafu ilikotoka. Kila chupa iliyoondolewa pale ilikuwa imeacha alama ndefu vumbini. Hii iliacha duara.

Ilikuwa imesimama.

Basi haikuwa ya shamba. Mtu aliileta na kuiweka, na mtu huyo hakuwa amesikiliza somo. Msomi akabonyeza kitufe cha saa ya Casio mkononi mwake, iliyofichwa redio ndani.

"Mgonjwa nimemwona," alinong'ona. "Muuguzi bado."

"Wavunaji wako mlangoni," Shangazi akajibu katika kifaa kidogo kilichofichwa sikioni mwake.

Msomi akasogea, akaichukua chupa mikononi mwa Kicheko, akatabasamu. "Rafiki yangu anaondoka kesho. Tuinywe pamoja sasa hivi."

"Wazo zuri," alisema mwenye shamba, na mwenyewe akampa kizibuo. "Mvinyo ni wa kunywewa."

Anayejua kilichomo hatoi kizibuo. Alibaki mmoja.

"Hapana, hapana," Mlezi alisema. "Ni zawadi ya harusi."

"Baba, wewe ndiye mkubwa wetu. Tangulia." Nta ikapasuka. Glasi ikajaa kidogo. "Tukianza sisi itakuwa utovu wa adabu."

Wanafunzi wote walimtazama. Mlezi akainua glasi. Akazungusha. Akanusa, kwa muda mrefu mno. Akatia kinywani.

Akatema.

Kisha akatoa kitambaa na kufuta ulimi.

Hakuna aliyecheka.

"Kinachoingia kinywani mwako hakitoki, baba," Msomi alisema kwa upole. "Ni maneno yako."

Mkono wa Mlezi ukazama ndani ya koti. Bastola ndogo ya Beretta ikachomoza. Msomi hakumgusa. Aliipiga teke ndoo.

Mvinyo wote uliotemwa tangu asubuhi ukamwagika juu ya mawe. Mlezi alipiga hatua moja, akateleza, akaanguka chali, na bastola ikayoyomea chini ya mapipa. Wavunaji wanne wakaingia. Vikapuni mwao hamkuwa na zabibu. Mlikuwa na pingu.

Kicheko alikuwa ameegemea rafu. "Kesho ningekuwa na chupa hiyo uwanja wa ndege."

"Kesho utakuwa harusini," Msomi alisema. Akafuta kiatu chake, akapanda ngazi kuelekea juani, na alipompita dereva akamwambia, "Msalimie mama mkwe."

Safari ya kuonja mvinyo ilifutwa katika ratiba ya chuo. Wanafunzi wawili walitoka gerezani na kurudi darasani. Na Kicheko, hadi leo, hapokei chupa kabla aliyempa hajaonja na kumeza.