Kivuli Kifupi cha Saa Sita

Mashine ilikohoa mara mbili, ikazima, na wimbi lililokuwa likiwafukuza kwa nyuma likamwagika lote ndani ya boti.

Walikuwa watatu. Népomuscène, mwenye boti, aliondoka nao kutoka ufuko wa Kajaga alfajiri. Caritas alikuwa mwalimu wa fizikia katika shule moja ya Musaga, mwanamke wa miaka thelathini na minne ambaye kabla ya siku ile hakuwahi kufika mbali ziwani kuliko maji ya kiunoni. Ilyasi alikuwa fundi wa shaba na bati kutoka Buyenzi, mtu wa makamo, mikono mipana, maneno machache. Yeye na Caritas walikuwa wakienda Rumonge, mji wa kando ya ziwa, kwenye maonyesho ya sayansi. Wiki ile petroli haikupatikana mjini na mabasi yalikuwa yamesimama, ila Népomuscène alikuwa na madumu mawili aliyoyapata anakojua mwenyewe. Baadaye walielewa kwamba dumu la pili lilikuwa limechanganywa na maji.

Dhoruba ilishuka kutoka milima ya Burundi kama saa mbili asubuhi, ikawakuta bila mashine. Upepo uliisukuma boti mbali na nchi kavu, na mvua ikaufuta mji, ikafuta milima ya upande huu na ya Kongo. Ndoo ya kuchotea maji ilipeperuka. Mfuko wa Caritas wenye simu ulikwenda nayo. Simu ya Ilyasi ilikuwa imelowa haiwaki, na ya Népomuscène ilikuwa imetumbukia ziwani pamoja na koti lake. Népomuscène alifungua kifuniko cha mashine akaushe plagi. Boti ikaruka, ikaanguka, na ukingo mkali wa bati ukamchana mkono kutoka kiwiko hadi karibu na kiganja.

Caritas alichana kitenge chake, akakikunja, akakikandamiza juu ya jeraha kwa uzito wake wote. Ilyasi alikamata beseni la plastiki, chombo pekee kilichobaki, akaanza kuchota. Ubao mmoja wa chini ulikuwa umelegea. Alipochota mara mia moja maji yalishuka hadi kwenye vifundo vya miguu. Alipopumzika yalipanda tena.

Mvua kubwa ilipopita ilibaki manyunyu na ukungu mweupe pande zote. Upepo ulikuwa bado unavuma, lakini kwa utulivu, mawimbi yakija kwa safu ndefu. Népomuscène, akiwa amelala kichwa juu ya dumu tupu, aliwaambia cha kufanya. Baada ya dhoruba, alisema, upepo wa kusini hurudi. Sikuzote hurudi. Waushike upepo kwenye shavu la kuume, wapige kasia, watafika Burundi.

Wakafanya hivyo. Caritas alipiga kasia huku goti lake likibana kitenge juu ya mkono wa Népomuscène, Ilyasi akipiga kasia kidogo, akichota kidogo. Malengelenge yalitokea kwenye viganja vya Caritas, yakapasuka. Maji ya kunywa hayakuwa shida, walikuwa juu ya ziwa la maji matamu. Shida ilikuwa kitenge. Kilikuwa chekundu chote, na midomo ya Népomuscène ilikuwa inageuka rangi ya majivu. Hawakuona ufuko, hawakusikia mbwa wala jogoo wala pikipiki. Caritas alianza kuhesabu kimoyomoyo ni muda gani mtu anaweza kuvuja damu hivyo, akajizuia.

Ndipo ukungu wa juu ukapungua, na jua likaonekana, duara jeupe karibu na utosi.

Kila mmoja alilitazama, na hakuna aliyeweza kusema liko upande gani. Asubuhi au jioni hata mtoto angejua. Lakini pale lilipokuwa, lilikuwa juu tu.

Caritas alimwomba Ilyasi ampe mfuko wa turubai ambao yeye Ilyasi alikuja nao. Ndani yake, kikiwa kimefungwa kwa taulo, kilikuwamo kile walichokuwa wakikipeleka Rumonge: kisahani cha mbao cha upana wa sahani ya chakula, sindano ya shaba imesimama katikati, miviringo myembamba imechongwa kuizunguka, na mistari michache iliyopinda, kila mmoja kwa mwezi wake. Caritas alikiita kipima-jua, na Ilyasi ndiye aliyekiunda. Kilitengenezwa kielee ndani ya beseni la maji ili kikae sawa hata chombo kikiyumba. Ncha ya kivuli cha sindano hutembea kila siku juu ya mstari wa mwezi ule. Ukikizungusha kisahani mpaka ncha iuguse mstari, mshale uliochorwa pembeni unatazama kaskazini. Alikuwa ametumia miezi saba kupiga hesabu za mistari ile, kwenye meza ya chumba chake cha Mutanga Sud.

Walihitaji beseni. Maana yake, muda wote wa kusoma kivuli, hakuna atakayechota maji.

Ilyasi alijaza beseni nusu, akaliweka kwenye ubao wa kukalia. Kisahani kikaelea. Kivuli kilikuwapo, hafifu, lakini kilikuwapo. Caritas alikizungusha kisahani taratibu hadi mzunguko mzima. Ncha haikufika kwenye mstari wa Novemba. Akazungusha tena. Ilibaki ndani ya mstari, fupi, popote alipokigeuzia kisahani.

Hesabu zake zilikuwa na kosa. Miezi saba, na sasa mtu alikuwa anakufa miguuni pake kwa sababu ya kosa lake.

Népomuscène alikuwa amefumbua macho. “Wacheni hiyo kitu,” alisema. “Mi najua hii ziwa. Pigeni kasia.”

Caritas alinyoosha mkono kulichukua beseni. Ilyasi akalishika upande wa pili, asiliachie.

“Madamu, apana. Hesabu yako ni muzuri,” alisema. Alikuwa anaitazama sindano, si uso wake. “Ni mi nilikata sindano. Ilianguka juzi pale atelye, penye nafanyia kazi, ikapinda kwa juu. Nikakata penye imepinda, nikanoa tena. Nilifikiri kidogo vile haina kitu. Niliona haya kukuambia.”

Maji yalikuwa yamepanda juu ya vifundo. Caritas alitaka kumpigia kelele, kisha akaona ile mikono mipana bado imelishika beseni, na kitu kingine kikafunguka kichwani mwake, kama mlango uliokuwa haujafungwa vizuri. Sindano ilikuwa fupi, lakini bado ilikuwa sindano. Mistari ndiyo iliyokuwa haina kazi tena.

“Basi tuache mistari,” alisema. “Tufuate kivuli peke yake.”

Akamweleza Ilyasi kwa haraka. Kivuli hupungua mpaka saa sita ya jua, kisha huanza kurefuka. Kwa mwezi ule, saa sita, jua hupita upande wa kusini wa Burundi, kwa hiyo kivuli kikiwa kifupi kuliko vyote huangukia kaskazini kamili, sindano iwe ndefu au fupi. Walichotakiwa kujua ni dakika yenyewe tu. Kama ilikuwa haijapita.

Alichukua kibanio cha nywele, akakwaruza alama pale ncha ilipoishia. Beseni lilitikisika, akasoma kwa kukadiria katikati ya mtikisiko. Wakasubiri. Ilyasi alikuwa anachota kwa viganja, kazi isiyo na faida kubwa, lakini hakuacha. Caritas alikwaruza alama ya pili.

Ilikuwa ndani ya ile ya kwanza. Kivuli kilikuwa bado kinapungua.

Maji yalifika nusu ya miguu. Népomuscène alianza kuongea na mtu ambaye hakuwapo, akimwambia afunge kamba vizuri. Alama ya tatu ilikuwa ndani ya ya pili. Wingu lilipita, kivuli kikapotea, na kwa muda ule Ilyasi aliacha kuchota, midomo yake ikicheza bila sauti. Kivuli kikarudi. Alama ya nne ilikuwa juu ya ya tatu, na ya tano pia. Caritas hakupepesa macho. Alama ya sita ilitoka nje, unene wa unywele.

Aliinua uso akatazama kule kivuli kilikokuwa kimelala. Kaskazini mbele yake. Basi mashariki ilikuwa mkono wa kuume. Na upepo ulikuwa unampiga shavu la kushoto.

Ulikuwa unatoka Kongo. Asubuhi nzima walikuwa wameushika kwenye shavu la kuume, wakipiga kasia kwenda kusini, kwa urefu wa ziwa, mahali ambapo wangeweza kupiga kasia siku nne wasifike popote.

Alimwinamia Népomuscène, akamwita kwa jina mpaka macho yake yakatulia juu yake. Alimwambia upepo umegeuka, unatoka magharibi, kivuli kimeonyesha. Hakumwambia amekosea.

Népomuscène aligeuza kichwa mpaka upepo ukampata sikioni. Kisha akanusa.

“Hauna harufu ya mvuke ya kusini,” alisema polepole. “Ni kweli. Ni upepo ya mulima ya Kongo.” Alimeza mate. “Kama ni hivyo, mwache kasia. Kuna turubai chini ya ubao. Funga kwa makasia mbili, simamisha mbele. Upepo itatupeleka yenyewe.”

Ilyasi alirudisha beseni kwenye kazi yake, akachota kama mashine hadi ubao wa chini ukaonekana. Kisha akafunga turubai kwa waya na mafundo ya fundi. Lilipojaa upepo, boti iliinua pua yake kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Muda si mrefu jua likafunikwa tena na halikurudi, lakini hawakulihitaji. Népomuscène aliwafundisha kushika mawimbi: yaje kwa nyuma, yainue mkia wa boti sawasawa, mkia ukianza kwenda upande, warudishe kwa ubao wa kuongozea. Kila aliposinzia, Caritas alimwuliza swali jingine kuhusu mawimbi, la maana au lisilo na maana, na yeye akaamka kulijibu.

Kwanza ilikuja harufu, samaki waliokauka na moshi wa kuni. Halafu sauti ya mwanamke akimwita mtu. Halafu ukungu ulichanika, na pale mbele, karibu sana, kulikuwa na ufuko wa changarawe, vichanja virefu vyenye dagaa waitwao ndagala, na juu yake milima ya Burundi, ya kijani, iliyolowa.

Watu waliingia majini kuwapokea. Népomuscène alibebwa juu ya mlango ulioondolewa kwenye bawaba hadi kituo cha afya, na Caritas alikwenda naye, kidole chake bado kikikandamiza kitenge, kwa sababu muuguzi alipomwambia aachie, kidole kilikataa kukunjuka. Muuguzi alishona kwa zaidi ya saa moja. Alisema vidole viwili huenda visirudi kuwa na nguvu, lakini mkono utakaa na mtu ataishi. Kama wangechelewa hadi jioni, alisema, damu isingetosha.

Kabla hajalala, Népomuscène alimshika Caritas kwa mkono mzima.

“Miaka kumi na tisa mi niko kwa hii ziwa,” alisema. “Leo nilikuwa napeleka watu kufa, na nilikuwa nina hakika kabisa.” Aliutazama mkono ulioshonwa. “Nikipona, utanifundisha hiyo ya kivuli.”

Caritas alikubali. Alimwomba naye amfundishe mawimbi.

Alirudi ufukweni jua likiwa limeinama juu ya Kongo, mawingu yakiwa yamekatika. Milima ya ng'ambo ilionekana yote, na kati yake na hapa, maji mapana ajabu. Alisimama akayatazama.

Ilyasi alikuwa amekaa karibu na moto wa mwanamke mmoja aitwaye Sikuzani, mwenye vichanja vile. Alikuwa amevaa shati la kuazima. Sikuzani aliweka mbele yao sahani moja ya ugali na ndagala za mchuzi wa nyanya, akaenda zake kugeuza samaki. Caritas alijaribu kumega. Viganja vilikuwa nyama tupu. Vidole havikufunga, tonge likaanguka.

Ilyasi alimega tonge, akalikanda, akabonyeza shimo kwa kidole gumba, akachovya na samaki wawili, akaliweka kwenye kiganja cha Caritas kilichopasuka, taratibu, kama mtu anayeweka kitu mahali pake. Caritas akala. Ilyasi akamega la pili, akamngoja amalize.