Mawe ya Kavetsa

Ndoo ya samaki ya Ochola ilipasuka katikati ya soko la Voi, siku ya soko, watu wakiwa hawana hata pa kukanyaga. Wengine walimruka, wengine walimcheka, naye akapiga magoti kwenye tope akiziba ufa kwa viganja.

Wakio, muuza mboga, hakucheka. Alimwaga karoti zake za kwao Werugha, milimani, juu ya meza, akamsukumia karai. "Mimina humu! Lakini samaki wadogo hivi, utashiba kweli?"

"Hawa si wa kuliwa, dada. Ni siklidi, wa Ziwa Malawi. Ni wa kutazamwa tu."

"Kutazamwa? Haya, na mimi je, unanitazama bure?"

"Wewe nitakulipa chai."

Chai ilizaa simu, simu zikazaa mapenzi. Ochola alikuwa fundi wa umeme, mgane, mtu wa maneno machache. Wakio, aliyechoshwa na wanaume wenye ndimi za asali, alikipenda kimya chake. Masikini, hakujua bado kimya kile kilikuwa na mwenyewe.

Jumapili moja alivaa gauni lake la kitenge cha manjano, akaenda nyumbani kwa Ochola, mtaa wa Sofia. Tangi la kioo lilijaza ukuta mzima, na ndani samaki wa bluu na dhahabu walikuwa wakifukuzana.

"Mbona wanapigana hivi?"

"Ni wakali hawa. Kila dume ana pango lake kwenye mawe, mgeni akipita anang'atwa mpaka afe. Ndiyo maana ukileta jike mpya, kwanza unatoa mawe yote, unayapanga upya. Wote wanakuwa wageni, hakuna wa kudai kwake."

Huku akisema hayo, alimtia jike mpya majini bila kugusa jiwe hata moja.

"Na wewe hujayapanga," Wakio alisema.

"Haya aliyapanga Kavetsa. Marehemu mke wangu."

Wakio aliyatazama mawe yale. Akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu na tangi.

"Si hapo!" Sauti ya Ochola ilimshtua. "Hicho ni chake."

Aliinuka. Siku hiyo alikula haraka, akaaga.

Aliporudi tena, yule jike alikuwa akielea, mapezi yameraruliwa. Ochola alimtoa kwa wavu mdogo. "Sijui kwa nini majike hawadumu kwangu."

"Unajua, Ochola. Ulinieleza mwenyewe."

"Tafadhali, usimwingize marehemu."

"Simwingizi, yumo! Mimi ndiye sina pa kuingia. Simwonei wivu, Mungu anajua. Lakini sitangoja siku yangu ya kuelea."

Akachukua mkoba wake, akaondoka.

Sokoni simu yake ililia, akaigeuza kifudifudi. Ikalia tena. Macho yalipomwiva alisingizia vitunguu, lakini mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.

"Pokea basi, au uizime," Zipporah wa meza ya pili alimwambia. "Umeshatuchosha wewe na huyo mtu wa samaki."

Akapokea. "Jike mwingine amekufa?"

"Sijaleta mwingine. Njoo, Wakio. Nimeshindwa peke yangu."

Alikuta mlango wazi. Mawe yalikuwa yamerundikwa sakafuni juu ya magazeti, yakichuruzika maji, na kile kiti kilikuwa nje barazani. Ochola alikuwa amekaa chini, shati limelowa hadi mabegani, macho mekundu. Tangini yule dume mkubwa alikimbia pembe hii na ile, hana pake.

"Niliogopa nikiyagusa nitakuwa nimemzika mara ya pili," alisema.

"Na sasa?"

"Sasa hata mimi sijui kwangu ni wapi. Panga wewe, mpenzi. Ukikubali kukaa, nitapanda Werugha kwa wazee wako kukuposa."

Wakio alimwonea huruma, akajionea huruma pia. Alikunja gauni, akapiga magoti, akachagua jiwe bapa lililo laini kuliko yote.

"Hili lilikuwa wapi?"

"Katikati. Alilipenda sana."

"Basi tuanze na hili, likae katikati. Mengine tutapanga wote."

Ochola alilipokea kwa mikono miwili, akaliteremsha majini polepole, machozi yakimtoka bila kificho. Wakio alimwacha alie. Kisha akamfuta uso kwa upindo wa leso yake.

"Na kile kiti kirudishe ndani," alisema, "kitanyeshewa. Nitakikalia mimi."